Je, Wajua? Samaki Anayelea Wanawe Kinywani

Je, wajua kwamba yupo baba anayekaa karibu mwezi mzima bila kutia chochote tumboni, kwa sababu kinywa chake kimejaa wanawe? Ni samaki mdogo asiyezidi sentimita 8. Mwili wake ni wa fedha, milia mitatu myeusi inamkata kutoka juu hadi chini, mkia umepasuka kama mkasi uliofunguliwa, na mapezi yake marefu yana madoa meupe kama manyoya ya kanga. Wafugaji wa samaki wa mapambo humwita samaki wa Banggai. Kwa wataalamu ni Pterapogon kauderni. Safu yote ya leo ni yake, yeye pamoja na tangi la maji ya chumvi linaloweza kumtunza sebuleni kwa mtu.

Je, wajua kwamba kwao asili ni mahali pamoja tu duniani? Ni visiwa vya Banggai, mashariki ya Sulawesi huko Indonesia. Eneo zima anamopatikana, bahari na visiwa pamoja, ni kama kilomita za mraba 5,500, yaani takriban Unguja na Pemba mara mbili. Hata humo haenei kote. Hukaa kandokando ya ufuo, kwenye maji ya kina cha mita moja hadi nne au tano, palipotulia: kwenye ghuba, kwenye nyasi za baharini, chini ya magati ya vijiji. Mtoto akiogelea anaweza kumwona bila kupiga mbizi.

Je, wajua kwamba sayansi ilimjua kisha ikamsahau? Msweden Walter Kaudern alimkusanya Banggai mwaka 1920, na Mholanzi F. P. Koumans akamwandika rasmi mwaka 1933, akampa jina la aliyemleta. Baada ya hapo kimya. Ilipita zaidi ya miaka 60 hadi Gerald Allen, bingwa wa samaki wa miambani, alipokwenda kumtazama katika miaka ya 1990 na picha zake zikaenea. Wenyeji, bila shaka, hawakuwa wamemsahau hata siku moja. Waindonesia humwita capungan, na capung kwa lugha yao ni kereng'ende. Ukimtazama alivyotulia majini, mapezi yametanda, utakubali kwamba aliyempa jina hilo alikuwa na macho.

Wajua ni kwa nini hakuenea bahari nzima kama wenzake? Hapa ndipo penye siri yake yote, na pia hatari yake.

Samaki wengi wa miambani huwaachia watoto wao bahari iwalee. Mayai yakianguliwa, vifaranga vidogo kuliko unyoya wa kope huchukuliwa na mkondo, vikaelea siku nyingi au hata majuma, na vichache vinavyosalimika hutua kwenye mwamba mwingine, pengine mbali mno na walikozaliwa wazazi. Ndiyo maana aina moja ya samaki unaweza kuikuta Mafia, ukaikuta Maldives, ukaikuta tena Indonesia. Samaki wa Banggai hana safari hiyo. Kifaranga wake hutoka kinywani mwa baba akiwa samaki kamili, mwenye milia na mapezi, akaingia kwenye maficho hatua chache kutoka alipotemwa, akakulia hapohapo. Watafiti waliopima vinasaba vyao walikuta kwamba makundi yanayotenganishwa na kilomita chache tu yamekwisha kuwa koo tofauti. Kundi la ghuba moja likimalizwa, hakuna mkondo utakaoleta wengine.

Na walimalizwa kweli, sehemu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliokuwa wakivuliwa kwa ajili ya biashara ya matangi walikadiriwa kuwa kati ya 600,000 na 900,000 kwa mwaka. Hesabu ya samaki wote waliobaki baharini, iliyofanywa mwaka 2004, ilitoa kama milioni 2.4. Weka tarakimu hizo mbili kando kwa kando uzitazame. Mwaka 2007 shirika la uhifadhi la IUCN lilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Marekani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilimpa hadhi ya kulindwa kisheria mwaka 2016, na mwaka 2018 Indonesia ikapiga marufuku kumvua katika baadhi ya miezi ya mwaka ili apate nafasi ya kuzaa.

Je, wajua kwamba tabia ileile inayomfanya awe rahisi kumalizwa baharini ndiyo inayomfanya awe rahisi kufugwa nyumbani? Hili ndilo hasa lililonifanya nimwandike. Kinachowashinda wazalishaji wa samaki wa bahari ni kile kipindi cha kuelea: kifaranga ana kinywa kidogo kuliko ncha ya sindano, anataka chakula hai kidogo kuliko kinywa chenyewe, na anakitaka kila saa. Samaki wa Banggai ameruka kipindi hicho. Kifaranga wake akitoka ana milimita kama 8 na anaweza kumeza uduvi wa artemia aliyeanguliwa siku hiyohiyo. Mtu mwenye tangi la ziada, subira, na chupa ya plastiki ya kuangulia artemia anaweza kuwalea chumbani kwake.

Linganisha na samaki aitwaye kangaja. Kangaja wa njano wa Hawaii alizalishwa tangini kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na kangaja wa buluu, yule aliyepata umaarufu kwenye filamu za katuni na ambaye pia yumo baharini mwetu, mwaka 2016 huko Florida. Ilichukua miaka ya majaribio ya wataalamu wenye maabara. Samaki wa anemoni, wale wenye rangi ya machungwa, waliwahi mapema: walikuwa wakizalishwa kwa ajili ya kuuzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini hao ni wachache walioteuliwa. Aina nyingi za samaki wa bahari walioko kwenye matangi ya watu hadi leo zimevuliwa miambani.

Je, wajua kwamba na sisi tumo kwenye biashara hii? Kwa miongo mingi Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo wanaokamatwa na wazamiaji kwenye miamba ya pwani. Wawili kati ya samaki wa anemoni wa kwetu ni Amphiprion allardi, mwenye mikanda miwili myeupe, na Amphiprion akallopisos, yule wa rangi ya waridi aliyechorwa mstari mweupe mgongoni. Ukiogelea miambani Chumbe au Watamu utawaona hao bila kulipia tangi.

Kaka yangu ni mzaliwa wa Tanga na ameishi Hamburg zaidi ya miaka 20. Sebuleni kwake kuna tangi la lita 120. Mengi ya hapa chini nimeyaona kwa macho yangu, Januari moja niliyokwenda kumtembelea, nje theluji na ndani bahari.

Je, wajua kwamba lita 120 za maji ni uzito zaidi ya gunia la mahindi, kabla hujaweka kioo, mawe wala mchanga? Meza ya kawaida itapinda. Kaka aliagiza stendi ya mbao nene na kuipima kwa pima maji mara tatu, maana tangi likiinama upande, kioo hubeba uzito vibaya na siku moja huachia.

Je, wajua kwamba ukimwona samaki wa Banggai dukani, swali la kwanza si bei bali ni "amezaliwa wapi"? Aliyevuliwa baharini amepita mikono mingi: mvuvi, mkusanyaji wa kijiji, mashua, ndege, ghala, duka. Njiani halishwi vizuri, na wengi huambukizana virusi vya jamii ya irido vinavyoharibu figo na bandama. Wataalamu walivithibitisha virusi hivyo kwa samaki wa Banggai wa biashara mwaka 2009. Kaka anakumbuka watano wake wa kwanza. Duka lilimwambia ni wazima. Walisimama pembeni mwa tangi, wakakataa chakula, kinyesi chao cheupe kama uzi, na siku ya tisa hakubaki hata mmoja. "Niliwazika kwenye chungu cha maua," aliniambia, "nikaapa sitanunua tena samaki wa baharini aliyeng'olewa kwao."

Aliyezaliwa tangini anajua kioo, anajua mkono unaoleta chakula, na anakula vyakula vilivyogandishwa tangu utotoni. Bei yake huwa juu kidogo. Kwangu mimi hilo si la kujadili: kama huwezi kumpata aliyezaliwa tangini, subiri.

Sasa haya ya haraka haraka, kwa anayetaka kujua tangi lenyewe.

Je, wajua kwamba maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo? Kwa tangi la lita 120 hiyo ni zaidi ya kilo 4 za chumvi. Si chumvi ya kupikia. Inayotumika ni mchanganyiko maalumu wenye kalisi, magnesi na madini mengine ambayo matumbawe hujengea mifupa yake.

Wajua kwamba maji yakikauka chumvi haiondoki? Tangi likipungua lita mbili, unaongeza maji baridi, yasiyo na chumvi. Anayeongeza maji ya chumvi kila siku huishia kuwa na tangi kali kuliko bahari, na samaki hukauka ndani ya maji.

Je, wajua kwamba maji ya bomba mara nyingi huwa na klorini ya kuua vijidudu, na kwamba vijidudu ndivyo vinavyoendesha tangi? Uchafu wa samaki hutoa amonia, sumu inayounguza mashavu anayopumulia. Aina moja ya bakteria huigeuza kuwa nitriti, nyingine ikaigeuza nitriti kuwa nitreti isiyo na ukali mkubwa. Bakteria hao huchukua majuma manne hadi sita kujijenga kwenye mawe na mchanga. Kwa muda wote huo tangi linakaa bila samaki, na mwenye nyumba anaulizwa na wageni kwa nini anatazama mawe.

Je, wajua kwamba mawe hayo hasa ndiyo chujio? Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa samaki wa Jakarta, aliandika katika jarida la Marekani jinsi alivyotunza matumbawe hai kwa kutumia maji ya bahari, mawe yaliyotolewa baharini na viumbe wake, na mapovu ya hewa. Wakati huo wengi Ulaya na Marekani walikuwa bado wanachemsha na kusafisha kila kitu. Ilichukua muda mrefu wamwelewe. Wanaotunza matumbawe majumbani leo wanapita njia aliyoipita yeye.

Je, wajua kwamba maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na ya chumvi kidogo kuliko ya mtoni? Ndiyo maana umeme ukikatika, tangi la bahari huzidiwa upesi. Pampu zikinyamaza, maji hayazunguki, na samaki huanza kuhema juu juu. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kitu cha kununua kabla ya samaki. Kwa wenzetu wanaotaka kujaribu hobi hii Dar es Salaam au Mombasa, nasema hili kwa mkazo.

Na kwa hao wa pwani: je, mwajua kwamba maji mnayo bure, lakini si kila maji? Yachotwe wakati wa bamvua, bahari ikiwa imejaa, mbali na bandari na mbali na mlango wa mto. Wakati wa masika mito humwaga maji baridi na tope, hivyo chumvi hushuka hata hatua nyingi kutoka ufuoni. Yakishachotwa huchujwa, huwekwa gizani siku kadhaa, na hupimwa chumvi kabla ya kutiwa tangini.

Je, wajua kwamba tumbawe ni mnyama? Ana kinywa na mikono midogo ya kukamatia chakula, na ndani ya ngozi yake imo miani midogo mno inayotengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia, kama wapangaji. Rangi nyingi anayokuwa nayo ni ya wapangaji hao. Joto likizidi kwa digrii moja au mbili kwa majuma, huwatoa nje, akabaki mweupe. Mwaka 1998 joto lilipoikumba Bahari ya Hindi, miamba ya Afrika Mashariki iliona jambo hilo kwa kiasi kikubwa, na wavuvi waliokuwa wakizamia mwaka huo wanalikumbuka mpaka leo. Kwenye tangi la kaka hita na kipimajoto havipumziki: nyuzi 25 hadi 26, mchana na usiku.

Je, wajua kwamba matumbawe hukatwa yakachipua, kama muhogo? Mwenye tangi hukata kitawi, hukibandika kwenye kijiwe kwa gundi, na baada ya miezi ana tumbawe jipya. Nusu ya matumbawe ya kaka alipewa na wafugaji wenzake kwa njia hiyo. Hakuna mwamba uliovunjwa.

Lakini hili ulijue kabla hujagusa: wapo jamaa wa matumbawe, laini kama vifungo vya rangi vilivyopangwa kwenye jiwe, wenye palitoksini, mojawapo ya sumu kali mno zinazojulikana kwa viumbe wa baharini. Watu wamelazwa hospitalini, pengine familia nzima, kwa sababu mmoja wao aliyachemsha mawe jikoni au kuyasugua kwa maji ya moto na mvuke ukaenea nyumbani. Mawe ya tangi hayachemshwi. Mikono ivae glavu, macho yavae miwani.

Je, wajua kwamba nyumba anayoipenda samaki wa Banggai ni mwili wa kiumbe mwingine? Ni yule wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi, ambaye kila aliyepita mwambani kwa miguu mitupu maji yakitoka anamjua kwa maumivu. Makundi ya samaki hawa huelea juu yake. Hatari ikitokea wote huzama kati ya miiba, milia yao myeusi ikachanganyika na miiba myeusi, usiweze tena kusema yupi ni nani. Kwa hiyo kumlinda samaki peke yake hakutoshi. Huko Banggai viumbe hao wa miiba, na anemoni ambazo pia ni maficho yake, wamekuwa wakivunwa, na maficho yakiondoka vifaranga huliwa. Tena walaji wa kwanza ni samaki wa Banggai wakubwa. Baba aliyewabeba mwezi mzima kinywani huweza kummeza mmoja wao siku anayowatema.

Wajua jinsi wazalishaji wanavyolitatua hilo? Wanachukua mpira mdogo wa plastiki au kipande cha bomba, wanakitoboa matundu, wanakichomeka zile kamba nyeusi za plastiki za kufungia nyaya za umeme, ncha zikitazama nje pande zote. Kinatundikwa ndani ya maji. Kwa kifaranga hiyo ni nyumba. Niliona ya kaka juu ya friji ikisubiri, nikadhani ni kifaa cha kusafishia choo.

Je, wajua kwamba samaki hawa wakiwa wadogo hukaa kundi moja kwa amani, lakini wakipevuka hugeuka? Ukinunua sita kwa kupenda kundi, baada ya miezi michache wawili watakuwa wamechaguana na waliobaki watafukuzwa hadi kufa. Kwenye tangi la nyumbani weka mmoja, au wawili waliokwisha kupatana. Tatizo ni kwamba dume na jike wanafanana mno. Njia ya uhakika ni kununua wadogo kadhaa waliozaliwa tangini, kuwatazama, na mara tu wawili wanapoanza kukaa bega kwa bega, kuwatafutia wengine kwao.

Na je, wajua kwamba ni jike anayemposa dume? Humsogelea, hutetemeka ubavuni mwake, humtenga na wenzake, kwa saa nyingi au hata siku kadhaa. Akiwa tayari hutoa fundo la mayai ya rangi ya machungwa, kila moja likiwa na milimita kama 3, makubwa kwa samaki wa ukubwa wake. Kwa kawaida ni kama mayai 40, pengine hufika 90. Dume hulidaka fundo lote kwa sekunde chache. Baada ya hapo jike hukaa karibu akiwafukuza majirani.

Siku kama 20 mayai hukaa humo mpaka yaanguliwe, kisha siku nyingine kama 10 vifaranga humalizia kiini walichozaliwa nacho. Muda wote huo baba hali. Huyageuza mayai kinywani ili yapate hewa, na taya lake la chini huvimba. Dume asiye na uzoefu, au anayesumbuliwa, huyameza yote siku za mwanzo na kuanza upya mwezi mwingine. Kaka alipoteza mizao mitatu hivyo kabla hajaelewa kwamba aliyekuwa akimsumbua dume ni yeye mwenyewe, kwa kumulika kila usiku kutazama kama bado yapo.

Safari hii alijizuia. Usiku wa 27 aliniita kwa ishara ya mkono. Alikuwa amezima taa zote na kuifunga tochi kwa kitambaa chekundu ili mwanga uwe hafifu. Dume alikuwa pembeni, karibu na jiwe, shavu limetuna kama mzee aliyebwia tambuu. Hakusogea. Kisha akafungua kinywa kidogo, kama mtu anayetaka kupiga mwayo akasita, nami nikaona ndani yake macho. Mengi. Vijidoa vya fedha vilivyopangwa safu, vyote vimetazama nje. Akafumba. Nilishikilia ukingo wa meza na sikukumbuka kupumua.

Asubuhi yake kaka alimhamisha taratibu kwa bakuli, bila kumtoa majini, hadi kwenye kitangi cha pembeni chenye maji yaleyale, akakifunika pande tatu kwa karatasi nyeusi. Siku mbili baadaye, kabla ya alfajiri, alikuwa amewatema. Nilihesabu 31. Kila mmoja alikuwa nakala ya baba yake, milia mitatu, mapezi marefu kupita mwili, ila wote wangeweza kukaa kwenye kijiko. Dume alirudishwa kwa jike, akala uduvi watano mfululizo bila kutafuna.

Je, wajua kwamba hatari kubwa ya vifaranga hawa ni mshtuko? Wakilishwa artemia watupu kwa majuma, miili yao hukosa mafuta fulani muhimu. Wataonekana wazima, wanakula, wanakua. Kisha siku moja mtu anawasha taa ghafla, au mlango unabamizwa, na kifaranga anazunguka, anapinduka, anakufa pale pale. Dawa yake ni kuwalisha artemia wenyewe mafuta ya samaki au miani yenye virutubisho hivyo, saa kadhaa kabla ya kuwapa vifaranga. Kaka alikuwa na ratiba mlangoni pa friji, mara nne kwa siku, na kijana wake wa miaka 12 alikuwa na zamu ya saa kumi jioni. Taa ya kitangi kile haikuwashwa kamwe kabla ya taa ya chumba kuwashwa kwanza kwa dakika 15.

Wajua kwamba samaki huyu anaweza kuishi tangini miaka minne au mitano? Wale 31, waliosalimika hadi mwezi wa tatu ni 26. Kaka hakuuza hata mmoja kwa duka. Aliwagawia wafugaji watano wa mji ule, na kila aliyechukua aliahidi kutonunua aliyevuliwa. Wafugaji wawili kati yao wamekwisha kupata vifaranga vyao.

Siku niliyoondoka, ndege ilikuwa ya alfajiri. Nilipita sebuleni gizani na begi langu, nikakuta mwanga wa ukumbini unafika kitangini kidogo. Kwenye ule mpira wa kamba za plastiki, kila nafasi kati ya miiba ilikuwa na mkazi wake, vichwa chini kidogo, mapezi yakipepea polepole. Nikaufunga mlango kwa kidole kimoja, usijibamize.